Makala Yamekwenda Wapi?

Kila asubuhi, katika nyumba nyingi za mji wetu wa Bukavu, kuna mtu anayeinama mbele ya mbabula na kuzoa majivu ya jana. Jioni mbabula ile ilijazwa makala hadi juu. Asubuhi imebaki konzi moja ya majivu mepesi. Makala yamekwenda wapi? Swali hili linaonekana kuwa la kitoto. Sisi tulifundisha kemia kwa miaka 26 bila kuliuliza hata siku moja, ingawa jibu lake tuliliandika ubaoni kila mwaka. Siku lilipotufikia kwa kweli, lilitukuta karibu na msiba. Ndiyo habari tunayopenda kuwasimulia leo, kwa sababu wengi wenu ni wanafunzi, na wote mnaishi na makala.

Mnakumbuka mwezi wa Machi 2020, serikali ilipofunga shule zote za nchi kwa sababu ya korona. Sisi tuliosomea ualimu tukajikuta tumekaa nyumbani, huko Kadutu, tukiwatazama watoto wetu watatu na mpwa wetu mmoja wakizurura kutwa nzima. Baada ya juma moja tuliamua kuwafundisha wenyewe. Jirani mmoja, mama mjane, aliposikia, akatuomba tumpokee pia binti yake wa miaka 16. Binti huyo hakuwa mgeni wa kusomea nyumbani. Ana ugonjwa wa damu wa selimundu, ule ambao wengi kwetu huuita SS, na tangu miaka miwili mwili wake ulikuwa haumruhusu kupanda na kushuka kilima kila siku kwenda shuleni. Alikuwa akijisomea kwa madaftari ya kuazima. Kwa wenzake, kufungwa kwa shule lilikuwa jambo geni. Kwake yeye yalikuwa maisha ya kila siku.

Tuliwakusanya wote watano sebuleni. Tulitundika ubao mdogo ukutani, tukapanga saa za masomo, tukapiga hata kengele. Kwa ufupi, tulihamishia nyumbani shule nzima pamoja na makosa yake. Somo la kemia lilikuwa hivi: mwalimu anaandika, wanafunzi wananakili, kesho yake wanakariri. Tulipofika kwenye mimenyuko ya kuungua, tuliandika milinganyo miwili:

C + O2 → CO2

2C + O2 → 2CO

Tukaamuru waandike: «Hewa ikiwa tele, kaboni huungua na kutoa dioksidi ya kaboni. Hewa ikiwa haba, kaboni huungua na kutoa monoksidi ya kaboni, ambayo ni sumu.» Tukahakikisha kwamba kila mmoja amesawazisha atomi za pande mbili za mshale, tukaenda mbele. Binti yule aliinua mkono akauliza: «Papa Mwalimu, huo wa pili unaonekana wapi?» Tulimjibu kwamba unaonekana katika mtihani. Watoto walicheka, nasi tukacheka pamoja nao.

Siku mbili baadaye, jioni ya Aprili, mvua kubwa ilinyesha. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1500, na mvua za majira hayo huleta baridi inayoingia mifupani. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Njia ya kilimani ilikuwa matope matupu, basi mama yake binti akatupigia simu kuomba mtoto alale kwetu. Mke wetu hakuwapo; alikuwa amekwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua. Tulijua kwamba baridi ni adui wa wagonjwa wa selimundu, na kwamba inaweza kuwaletea maumivu makali. Tulimwona binti amejikunyata ndani ya kitenge chake. Tukafanya lile ambalo mke wetu hajalifanya hata mara moja tangu tumwoe: tuliichukua mbabula kutoka verandani, tukaiweka katikati ya sebule, tukafunga dirisha na mlango ili mvua isiingie.

Mke wetu hajasoma kemia. Lakini kwa mama yake alijifunza kwamba mbabula hailali ndani ya nyumba pamoja na watu. Sisi tulikuwa na mlinganyo, yeye alikuwa na desturi. Usiku ule tulidharau desturi na mlinganyo hatukuukumbuka. Tena tulijifariji kwa hoja ambayo huwadanganya wengi: makala yamekolea vizuri, yamekuwa mekundu, hayatoi moshi, pasipo moshi pana hatari gani?

Tuliwasha taa ya betri, tukaendelea na hesabu. Baada ya muda kichwa kilianza kutugonga. Tulidhani ni uchovu wa macho. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka tisa, aliweka kichwa juu ya daftari akasinzia. Tulidhani ni usingizi wa mtoto. Ndipo binti akasema polepole, kama mtu anayeogopa kukosa adabu: «Papa Mwalimu, ulisema hewa ikiwa haba. Hapa tumefunga dirisha. Hii siyo hewa haba?»

Tunaona haya kuandika lililofuata, lakini tusipoliandika simulizi hili halina faida. Jibu la kwanza lililotujia mdomoni lilikuwa kumwambia asichanganye somo na mambo ya nyumbani. Hatukulitamka, kwa maana wakati ule ule tulimwita mtoto wetu naye hakuitika. Tulimwita mara ya pili. Tulipoinuka, magoti hayakutii. Tukafungua mlango kwa nguvu, tukambeba mtoto, tukawasukuma wengine nje kwenye mvua ile ile tuliyokuwa tukiikimbia. Mtoto alitapika, kisha akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa tamu masikioni mwetu. Binti aliketi chini kwenye matope akishika kifua. Majirani walitoka. Kijana mmoja mwenye pikipiki aliwafikisha wote wawili kwenye kituo cha afya, mmoja baada ya mwingine, nao wakakaa huko hadi asubuhi chini ya uangalizi wa muuguzi. Walirudi wazima.

Asubuhi hiyo tulipanda kilima kwenda kwa mama yake binti. Tulimweleza yote bila kuficha. Alisikiliza kimya, halafu akauliza swali moja tu: «Mwalimu, ulikuwa hujui?» Tulijibu kwamba tulijua. Katika miaka yetu yote hatujawahi kutoa jibu lililotuelemea kuliko hilo. Kama tungekuwa hatujui, angetusamehe kwa urahisi. Yule mama alinyamaza kwa muda mrefu, akachukua kikapu chake cha soko, akasema: «Kesho atakuja tena. Lakini dirisha liwe wazi.»

Wapenzi vijana, tangu siku ile tuliacha kupiga kengele. Tulibeba viti tukavipanga uani, tukaiweka mbabula katikati, tukawaambia watoto: leo ulizeni ninyi. Mpwa wetu ndiye aliyeuliza: «Makala yamekwenda wapi?» Mmoja akasema yamekufa. Mwingine akasema yamegeuka majivu. Tukawauliza: gunia zima la makala linaweza kugeuka majivu ya ndoo moja? Hayo mengine yako wapi? Wakanyamaza. Huo ulikuwa ukimya mzuri. Ulikuwa wa watu wanaofikiri.

Tuliwaambia watazame miali. Ukitazama mbabula jioni, jua likiisha kuzama, utaona juu ya makala mekundu ndimi ndogo za rangi ya buluu zikicheza. Sisi tulikuwa tumeziona tangu utoto bila kujua ni nini. Chini ya mbabula, hewa inapoingia, kaboni hupata oksijeni ya kutosha na kutoa dioksidi ya kaboni. Gesi hiyo ikipanda na kupita katikati ya makala yenye moto mkali, hukutana tena na kaboni na kugeuka monoksidi. Ikifika juu, kwenye hewa, monoksidi hiyo huweza kuwaka tena, na ndiyo ile miali ya buluu. Lakini si yote inayowaka. Nyingine huondoka bila rangi, bila harufu, bila moshi. Ndani ya chumba kilichofungwa, oksijeni inazidi kupungua na sumu inazidi kuongezeka. Mlinganyo wa pili, ambao binti aliuliza unaonekana wapi, ulikuwa mbele yetu kila jioni.

Halafu tuliwaeleza kwa nini unaua. Katika damu kuna hemoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Monoksidi ya kaboni hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Inakaa mahali pa oksijeni na haitoki upesi. Mtu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa oksijeni. Kwanza kichwa kinauma, kisha kichefuchefu, kisha miguu inalegea, kisha usingizi. Ubaya wake ni kwamba usingizi huo unafanana na usingizi wa kawaida, na akili ambayo ingepaswa kumwonya mtu ndiyo inayodhoofika mapema. Binti alitusikiliza, akasema: «Basi mimi mwenye damu haba ningetangulia.» Hatukuwa na la kumjibu.

Mpwa wetu, ambaye aliwahi kuishi Goma, akauliza kama hiyo ndiyo mazuku. Swali zuri. Mazuku ya Goma, yale mabonde madogo ambamo mbuzi na hata watu huanguka wakafa, ni dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini katika nchi ya volkano. Ina uzito unaozidi ule wa hewa kama mara moja na nusu, ndiyo maana hutulia mabondeni. Monoksidi ya makala ina uzito unaokaribia sana ule wa hewa. Hailali chini, bali huenea chumba chote. Kwa hiyo anayelala juu ya kitanda kirefu hana usalama kuliko anayelala mkekani.

Bado swali la mpwa wetu lilikuwa halijajibiwa kwa kipimo. Tuliazima mizani ya jikoni. Tukachukua chupa ya plastiki ya soda, ya nusu lita, tukakamulia ndani yake ndimu mbili. Tukafunga katika kipande cha karatasi nusu kijiko kidogo cha bikaboneti, ule unga mweupe ambao akina mama hutia ndani ya maharage ili yaive upesi. Tukapima vyote pamoja na kizibo, tukaandika namba. Kisha tukatumbukiza karatasi, tukafunga kizibo kwa haraka. Povu lilipanda, chupa ikawa ngumu kama jiwe. Tukapima tena: namba ile ile. Watoto hawakuamini. Tukafungua kizibo polepole, gesi ikatoka kwa sauti. Tukapima mara ya tatu: imepungua gramu moja hivi. Yule wa miaka tisa akapiga kelele: «Hewa ina uzito!»

Huo ndio ugunduzi ulioijenga kemia. Mfaransa Lavoisier, ambaye kitabu chake kikuu cha kemia kilitoka mwaka 1789, hakuwa mtu wa kwanza kuchoma vitu. Sifa yake ni kwamba alipima kwa uangalifu kabla na baada, ndani ya vyombo vilivyofungwa. Aliona kwamba katika mmenyuko hakuna kinachopotea; vitu hubadilisha ushirika wao tu. Basi tukarudi kwenye makala na kalamu mkononi. Gramu 12 za kaboni huchukua gramu 32 za oksijeni na kutoa gramu 44 za dioksidi. Kwa hesabu hiyo, kilo moja ya kaboni tupu ikiungua yote kwa hewa tele hutoa karibu kilo 3,7 za gesi. Makala hayakufa. Yametoka mlangoni, kama mlango uko wazi. Kama umefungwa, yamebaki chumbani pamoja nasi.

Siku nyingine tulichukua chokaa ya wajenzi, tukaikoroga ndani ya maji, tukaacha itulie usiku kucha, tukamimina maji maangavu ya juu katika glasi. Tuliwakataza watoto kuyagusa, kwa maana maji ya chokaa huchoma macho na ngozi. Wakubwa tu ndio waliopuliza pumzi ndani yake kwa mrija, polepole, bila kunyonya. Maji yakageuka meupe kama maziwa. Tukawaonyesha kwamba gesi ya pumzi yetu na chokaa zimefanya kaboneti ya kalsiamu, kitu kile kile kinachoifanya chokaa ya ukutani kuwa ngumu baada ya siku nyingi. Watoto walitazama kuta za nyumba kwa macho mapya.

Lakini somo tunalolipenda kuliko yote ni lile lililotushinda. Kwa miaka mingi tuliamuru wanafunzi waandike kwamba chaki ni kaboneti ya kalsiamu, na kwamba ukiidondoshea asidi itatoa mapovu. Tulichukua chaki ya ubaoni, tukaidondoshea ndimu mbele ya watoto. Hakuna lililotokea. Tukaongeza ndimu. Kimya. Zamani tungesema ndimu imechacha, tukaenda mbele. Safari hii tulikiri kwamba hatujui sababu. Binti akasema: «Labda kitabu kinasema chaki nyingine.» Alikuwa amesema kweli. Tulipotafuta tulielewa kwamba chaki nyingi za shule siku hizi hutengenezwa kwa jasi, yaani salfeti ya kalsiamu, ambayo haitoi mapovu kwa ndimu. Tukachukua maganda ya mayai, ambayo ni kaboneti kwa kweli, tukayasaga, tukayadondoshea ndimu ile ile: mapovu yakapanda. Kwa hiyo miaka 26 tulikuwa tumeshika chaki mkononi kila siku, tukiandika juu yake jambo lisilo kweli, na ndimu ya senti chache ingetosha kutusahihisha.

Msidhani tunadharau ubao na daftari. Bila mlinganyo ule ulioandikwa ubaoni, binti asingekuwa na maneno ya kuuliza swali lake, na labda leo tusingekuwa hapa kuandika. Aliukariri kama wenzake. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa amezoea kusoma peke yake, bila mwalimu wa kumwambia lipi ni la mtihani na lipi ni la maisha. Kwake yote yalikuwa ya maisha. Sisi tuliosomea ualimu tulikuwa tumefundishwa kutenganisha, na tuliwafundisha wengine hivyo hivyo. Hata katika katekesi ya Jumapili tumewasikia watoto wakijibu maswali yote bila kukosa neno, tukaridhika. Leo haturidhiki upesi namna hiyo.

Shule zilipofunguliwa, wanne walirudi madarasani. Binti alibaki nyumbani, nasi tukaendelea kwenda kwake Jumatano na Jumamosi, tukibeba ndimu na chupa. Baadaye alifanya mtihani wa serikali pamoja na wale waliojisomea wenyewe, akafaulu kwa alama za kawaida. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kufanya jambo ambalo kwetu ni kubwa zaidi. Majira ya mvua yaliyofuata, alipokuwa na nguvu, alizunguka nyumba kwa nyumba katika mtaa wake, akiwaambia akina mama maneno mepesi: makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo ya kuogopwa, mbabula ibaki nje, baridi ikizidi, ongeza blanketi au maji ya moto ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, usilete moto chumbani, watu wawili wakiumwa kichwa pamoja ndani ya nyumba moja, tokeni kwanza, sababu mtaijadili nje. Wapo waliomwuliza amesoma shule gani. Alijibu kwamba anasoma nyumbani.

Mama yake hajatutajia tena usiku ule. Lakini kila tunapofika kwake kufundisha, kabla hata ya kutukaribisha kiti, anakwenda kwanza kulifungua dirisha. Hasemi neno, nasi hatusemi neno. Tunaketi, tunatoa chupa, tunaanza.

Mnapokutana kikundini juma hili, tunawaomba mzungumze haya. Ni jambo gani mnalolijua daftarini na hamjawahi kulitazama nyumbani? Ni desturi gani ya wazazi wenu mnayoidharau kwa sababu haijaandikwa kitabuni? Na katika nyumba zenu usiku wa leo, mvua ikinyesha, mbabula italala wapi?